Aliyeuziwa Hatajwi Jina

4 Machi

Mwanangu,

Natumaini umefika salama na kitanda cha bweni la reli hakijakuvunja mgongo. Umeondoka jana tu, nami nimeshashika kalamu. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linachechemea, na nikiweka sauti ya nje majirani wote wanasikiliza, tena mke wa fundi cherehani hunijibia kabla sijafungua mdomo. Barua haina sauti ya nje.

Sasa keti nikupe habari. Jana hiyohiyo alfajiri, labda hata basi lako lilikuwa halijatoka stendi, wakaguzi wa tumbaku walimkamata Mama Pacha. Ndiyo, Mama Pacha wetu wa nyumba ya tatu, huko dukani kwake karibu na stendi. Walikuwa wamejibanza ndani ya gari ng'ambo ya barabara. Wakamwona anamuuzia sigara kijana wa Kizazi Kisafi, bila hata kupitisha kitambulisho kwenye mashine. Kijana akadakwa kwenye kona, pakiti bado haijafunguliwa. Mtaa ulikuwa umelala, kwa hiyo hakuna aliyemtambua, na jina lake halitatajwa. Sheria inamficha aliyeuziwa na kumwanika aliyeuza.

Sheria yenyewe haina fumbo. Ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini na mitano ilipopitishwa mwaka jana ndiye Kizazi Kisafi, na hatauziwa sigara mpaka anaingia kaburini, hata akiota mvi. Na zile za mvuke ni marufuku kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Bango la mlangoni kwa Mama Pacha nililibandika mimi mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya afya ya mtaa, naye akanishikia gundi huku akicheka. Sasa hacheki. Ameachiwa kwa dhamana, na kesi ni tarehe 12 Aprili. Akipatikana na hatia duka linafungwa, na anaweza kwenda ndani miezi sita.

Kamati iliombwa maoni. Nimetia saini kwamba duka lifungwe. Imeniuma, maana ni rafiki yangu, lakini nisingeweza kubagua. Namshukuru Mungu kwamba wewe hukuwahi kuugusa uchafu huo.

Kula vizuri.

Mama yako


11 Machi

Shikamoo mama,

Nilifika salama, ila basi lilichelewa kidogo. Kazi inaendelea. Bado ni dereva msaidizi, nasoma ishara na kuzitaja kwa sauti, dereva mkuu anaitikia, basi siku inakwisha. Wiki hii tumevuta mabehewa ya saruji na vumbi limetuganda mpaka kwenye kope.

Habari ya Mama Pacha imenishtua. Hivi ulikuwa na haraka gani ya kutia saini? Pengine kulikuwa na sababu. Pengine kijana alimdanganya, au alimbembeleza. Yeye mwenyewe amesema nini kwa wakaguzi? Ametaja mtu? Nauliza tu, maana tangu nikiwa mdogo alikuwa ananikatia kipande cha biskuti iliyovunjika na kusema haiuziki.

Huku nako sheria imekaza kamba. Wavutaji wamechorewa kisanduku cha rangi ya njano nyuma ya karakana, hatua nne kwa nne, na wanasimama humo kama mizigo inayosubiri kupakiwa. Abiria wanawapiga picha. Wa umri wangu hata kisanduku hawaruhusiwi kukanyaga. Fundi mmoja wa rika langu alikutwa anavuta chooni, akasimamishwa mbele ya zamu nzima na kunuswa mikono. Mtu mzima, mama, ana mke, ananuswa mikono.

Unaweza kuifuta saini yako? Au kuandika barua nyingine ya kumwombea?

Wasalimie dada zangu Pacha.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Huruma yako umeirithi kwa baba yako, Mungu amrehemu, maana kwangu hakuna. Saini haifutwi kama chaki.

Mama Pacha kajikausha. Wakaguzi walimuuliza kwa nini hakupitisha kitambulisho, akasema amesahau. Amesahau! Mwanamke anayekumbuka nani alikopa kiberiti mwaka juzi! Nilipopita dukani juzi alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayesubiri nianze mimi. Sikuanza. Nilinunua chumvi nikaenda zangu.

Ila nakwambia ninayemhurumia hasa ni mama wa kijana yule. Yuko mahali fulani mtaani humu anapika, anafua, anamsifu mwanawe kwa majirani, na hajui lolote. Ningekuwa yeye ningetamani ardhi ipasuke.

Umeniuliza maswali mengi kuliko kawaida yako. Una homa?

Mama yako


24 Machi

Mama,

Kijana yule ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi tatu na kuzichana. Hii ya nne naituma kabla sijapata akili.

Nilianza kuvuta chuo cha reli, mwaka wa pili. Baadaye nilinunua ya mvuke, na usinikasirikie, lakini ilikuwa inanisaidia. Nilishafika mahali pa kuivuta mara mbili kwa siku, nikawa naona mwisho. Sheria ikaja. Getini paliwekwa sanduku la chuma la kuzisalimishia, nikaitumbukiza yangu kama wenzangu. Wiki mbili baadaye nikarudi kwenye sigara, tena kwa njaa kuliko mwanzo. Kwa kuwa siuziwi, namwomba fundi wa breki aninunulie. Nasimama mbele yake nikijikuna kichwa kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje. Nina koti la mvua ninalolivaa wakati wa kuvuta tu, jua liwe kali vipi, ili sare isinuke. Wenzangu wanajua. Wanajitia hamnazo, na hilo ndilo linaloniumiza kupita yote.

Likizo ile, kila nilipokwambia natoka kunyoosha miguu, nilikuwa naenda nyuma ya uwanja wa mpira. Wewe ulikuwa unaniwekea chakula kikiwa na joto. Nilikuwa nasukutua maji ya bomba mara tatu kabla ya kukuamkia.

Siku ya kuondoka niliingia kwa Mama Pacha nikaomba bazoka ya kutafuna. Akanitazama, akasema, "Bazoka ya kuficha nini? Sema unachotaka kweli." Nikasema. Nikamwambia pia sheria hainiruhusu, sikumdanganya hata kidogo. Akacheka. Akasema, "Wewe? Wewe si wa kizazi hicho. Kamuulize mama yako." Nikadhani ananitania, maana yeye na utani ndugu. Akanipa pakiti. Kwenye kona wakanishika, wakachukua namba ya kitambulisho changu, nikasaini onyo, nikapanda basi la pili. Mimi nimepewa semina ya Jumamosi tatu. Yeye anangoja jela.

Siombi unisamehe sasa. Omba lolote kwa kamati, kwa hakimu, kwa yeyote. Ningeenda mwenyewe kusimama na kusema nilimbembeleza, lakini nimesoma sheria na haijali kubembelezwa. Inauliza umri tu.

Mwanao


27 Machi

Mwalimu,

Mkono wangu si mzuri, unaujua, ulinifundisha wewe darasa la watu wazima mpaka ukachoka. Naandika kwa sababu nikija kwako inabidi nipaze sauti na hili si la kupaza. Binti atakuletea, yeye hajaisoma.

Sikusahau kupitisha kitambulisho. Niliona kikipita kwenye mashine kitasema uongo, nikakiacha.

Mwanao alizaliwa siku mbili kabla ya Pacha. Kitanda changu na chako wodini vilikuwa vimetenganishwa na dirisha. Nilimnyonyesha siku ile ulipopandwa na homa. Pacha wana miaka ishirini na saba, hata mtoto anayehesabu vidole atajua yeye ana mingapi. Sheria haimhusu na mimi sina kosa, ila la mashine.

Pacha wanataka kupeleka vyeti vyao mahakamani na kusema. Nimewakataza. Jambo si letu. Sikuwahi kukuuliza kwa nini ulifanya ulivyofanya na sikuulizi leo.

Kesi ni tarehe 12, saa tatu.

Mama Pacha


2 Aprili

Mwanangu,

Barua yako na ya Mama Pacha nilizisoma siku moja. Nimekaa nazo karibu wiki nzima. Nilikuwa na hasira nawe kwa muda wa kama saa moja, halafu nikakosa haki ya kuwa nayo.

Mama Pacha hakukutania. Wewe huna miaka ishirini na mitano. Una ishirini na saba. Umezaliwa siku mbili kabla ya hao unaowaita dada, na miaka yote hii nimekuacha uwaamkie.

Hukumbuki ugonjwa wa mguu, au unaukumbuka kama ndoto. Uliingia hospitali ukiwa na miaka mitano na nusu, plasta mpaka kiunoni, ukatoka, ukarudi. Uliposimama sawasawa ulikuwa na minane na hujui hata kuandika jina. Mwaka huo ndio nilioteuliwa kuwa mwalimu mkuu. Wazazi walikuwa wanakuja ofisini kwangu kuona mwanamke huyu atawafundishia nini watoto. Na mwanangu mwenyewe angekaa darasa la kwanza, mkubwa kwa umri kuliko wote, na watoto wa miaka sita. Wangeuliza. Ningekuwa na jibu la heshima kabisa: mtoto alikuwa mgonjwa. Mwanangu, nilikuwa na jibu la kweli mdomoni na niliona aibu kulitoa. Ulikuwa mdogo wa mwili kwa ajili ya maradhi. Nikaenda kuomba cheti chako cha kuzaliwa, nikala kiapo kwamba una miaka sita, nikahama nawe kwenda shule ya mbali ambako hakuna aliyekujua. Tuliporudi hapa ulikuwa darasa la tano na Mama Pacha peke yake ndiye aliyenitazama usoni akakaa kimya.

Mimi niliyekuwa nikiwapanga wazazi mstarini na vyeti vya watoto wao, nikivimulika kwenye dirisha kuona kama tarehe imekwanguliwa. Niliwarudisha nyumbani wangapi!

Sasa la muhimu. Nimelifikiria sana na nimeamua kutokwenda mahakamani. Si kwa ajili yangu. Reli iliwachukua vijana waliokuwa chini ya miaka ishirini na miwili. Kwa cheti ulikuwa na ishirini na mmoja, kwa kweli ulikuwa na ishirini na mitatu. Nikisema, watakufukuza, na jina lako litachafuka kwa kosa ambalo hukulijua. Siwezi kukufanyia hivyo. Nitaandika barua ya kumwombea Mama Pacha apunguziwe adhabu. Naamini hakimu atamwonea huruma, ni mjane na hajawahi kushtakiwa.

Ichome barua hii.

Mama yako


7 Aprili

Mama,

Sijaichoma. Nimeipeleka kwa mkuu wa kituo.

Nilipomaliza kuisoma nilikaa kitandani nikicheka peke yangu, mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza kama nimepata msiba. Mwaka mzima nimejificha nyuma ya matangi na koti la mvua juani, nimeomba sigara kama mtoto, nimewaonea wivu wazee ndani ya kisanduku cha njano, na nilikuwa na haki ya kusimama humo nao. Hata aibu niliyokuwa nayo haikuwa yangu. Halafu nikaacha kucheka, maana mapafu ni yangu na uongo niliokudanganya likizo ni wangu, hivyo havibadiliki kwa cheti.

Lakini usinifanye mimi pazia. Unaandika "si kwa ajili yangu" na mwandiko wako umetulia kama wa ubaoni. Nakujua tangu zamani, mama: ukiandika ukweli unakata maneno na kuyaandika upya. Barua yote ile ulikata maneno mahali pengi, isipokuwa mahali unapotaja kazi yangu.

Basi sababu hiyo nimeiondoa. Nimemwambia mkuu wa kituo kwamba nilizaliwa miaka miwili kabla ya kitambulisho changu, na nikamwambia kuhusu sigara nikiwa nimesimama palepale, kwa nini nirudi mara mbili. Aliisoma barua yako, akavua miwani, akauliza kama nina uhakika ninataka aisajili. Nikasema ndiyo. Nimetolewa kwenye kichwa cha treni. Napaka grisi karakana mpaka makao makuu waamue, na wanaweza kuamua nirudi nyumbani. Nilivua beji mbele ya zamu nzima. Nilisikia haya, lakini nilipovuka reli kwenda karakana miguu yangu ilinibeba.

Sasa huna cha kunilindia. Tarehe 12, saa tatu. Usiandike barua ya kuombea mtu asiye na kosa apunguziwe adhabu.

Nakupenda. Nimekasirika bado.

Mwanao


14 Aprili

Mwanangu,

Nilikwenda.

Nisikufiche: asubuhi ile nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Nilifika saa nne kasoro. Kesi ilikuwa imeshaanza na Mama Pacha alikuwa amesimama, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakimu alikuwa anamuuliza kama anakiri kosa. Alikuwa ameshafungua mdomo. Nikapiga kelele kutoka mlangoni. Unajua sauti yangu tangu masikio yalipoziba, sijui kuipima, ukumbi mzima uligeuka. Nikasema asijibu, mimi ndiye mwenye kosa.

Wakanipandisha kizimbani na kadi yako ya kliniki, ile ya kweli, ambayo nilikuwa nimeishonea ndani ya mto. Wakaniuliza maswali. Mengine sikuyasikia, karani akawa ananirudia sikioni kwa sauti kubwa, kwa hiyo kila swali la aibu lilisomwa mara mbili. Ulijua umri wa mtoto? Nilijua. Uliapa uongo? Niliapa. Kwa nini? Nikaanza kusema habari za mguu wako, hakimu akanikatiza: mtoto mgonjwa si aibu, Mwalimu, kwa nini? Nikasema nilijionea haya mimi. Karani hakuwa na haja ya kulirudia hilo. Kwenye benchi la mbele kulikuwa na wazazi niliowahi kuwarudisha nyumbani na watoto wao. Mmoja alitikisa kichwa polepole. Wengine walitazama chini, na afadhali yule aliyetikisa kichwa.

Shtaka la kuuza limefutwa. Amepewa onyo kwa ajili ya mashine. Jalada langu limepelekwa polisi kwa kiapo cha uongo, na uenyekiti wa kamati nimeurudisha kabla hawajaniomba. Hayo nitayabeba. Ya kazi yako sijui nitayabebaje. Niandikie wakiamua, hata kama ni mabaya.

Nje ya mahakama nilimkimbilia Mama Pacha nikamshika mkono. Hakuutoa. Akasubiri niuachie. Akasema karibu na sikio langu la kushoto, bila kupaza sauti, "Siku kumi na sita, Mwalimu. Tangu nikuletee barua. Kila asubuhi nilikuwa natazama mlango wako." Pacha wakamshika huku na huku, wakaondoka. Hawakunisalimia, na sikustahili.

Jana jioni nilikwenda dukani kwake. Sikuwa na haja ya kitu, nilitafuta sababu tu. Alikuwa peke yake anapanga mishumaa. Nikaomba kipande cha sabuni. Akakiweka mezani. Nikasema, "Nisamehe." Nilisema vizuri, kwa sauti ya kawaida, nina hakika alisikia. Akauliza kama nahitaji na kitu kingine. Nikasema hapana. Akanifungia sabuni kwenye karatasi, akanipa kwa mikono miwili.

Miaka ishirini na saba yule mwanamke ananiita Mwalimu, hata tukigombana. Jana alisema, "Asante mama, karibu tena," kama anavyomwambia kila mteja asiyemfahamu.

Mama yako